Hamira Katika Utumbo: Kazi ya Chakula na Mipaka Yake

Utangulizi

Kila mwokaji wa mikate na kila mpishi wa maandazi anaifahamu kazi ya hamira. Ikitiwa katika unga uliokandwa kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, kisha donge likafunikwa na kuwekwa mahali penye joto, haupiti muda mrefu kabla donge hilo halijaumuka. Hamira si dawa ya unga, bali ni mkusanyiko wa viumbe hai wadogo mno ambao hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi pamoja na kileo. Gesi ndiyo inayoliinua donge, na kileo hupotea katika joto la tanuri.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba jamaa za hamira hiyo huishi pia ndani ya mwili wa binadamu: kinywani, katika utumbo, na katika njia ya uzazi ya mwanamke. Kwa kawaida hazimdhuru mwenyeji wake. Hata hivyo, zipo hali ambazo huzifanya ziongezeke kupita kiasi, na hapo ndipo maradhi huanza. Tangu miaka ya 1980 yameenea madai kwamba ongezeko hilo ndilo chanzo cha uchovu, gesi tumboni, maumivu ya kichwa na maradhi mengine mengi, na kwamba mtu anaweza kujiponya kwa kuacha vyakula fulani na kumeza vidonge vya virutubisho. Makala haya yanachunguza ni kiasi gani cha madai hayo kimethibitishwa, ni kiasi gani hakijathibitishwa, na ni wapi penye hatari.

Kandida ni kiumbe gani?

Hamira ni aina ya kuvu, yaani viumbe ambao watu wengi huwaita fangasi. Tofauti na ukungu unaoota juu ya mkate uliochacha, hamira kwa kawaida huwa chembe mojamoja za mviringo, na kila chembe huzaa nyingine kwa kuchipua ubavuni. Hamira inayopatikana zaidi katika mwili wa binadamu huitwa kandida, na aina yake iliyo mashuhuri kwa wanasayansi ni Candida albicans. Upana wa chembe moja ni takriban sehemu 5 za elfu moja za milimita, hivyo haiwezi kuonekana bila hadubini.

Kandida ina tabia moja inayoitofautisha na hamira ya mikate. Ikipata nafasi, huweza kuacha umbo la mviringo na kurefuka ikawa kama uzi. Nyuzi hizo zina uwezo wa kupenya katika utando laini unaofunika kinywa, umio na utumbo. Kwa hiyo kandida ni kama mpangaji mtulivu ambaye, ulinzi wa nyumba ukilegea, huanza kubomoa kuta.

Kinachoizuia isizidi

Mwenye afya huizuia kandida kwa njia tatu zinazosaidiana.

Njia ya kwanza ni bakteria wa utumbo. Katika gramu moja ya mabaki ya chakula yaliyomo katika utumbo mpana huwamo mabilioni ya bakteria, ilhali hamira ni sehemu ndogo sana ya jamii hiyo. Bakteria hao hugombania chakula na nafasi, na baadhi yao hutoa asidi zinazoidhoofisha hamira. Njia ya pili ni kinga ya mwili, hasa chembe nyeupe za damu, ambazo huizuia kandida isipenye ndani ya utando. Njia ya tatu ni mwendo na hali ya viungo vyenyewe. Asidi ya mfuko wa tumbo huua vijidudu vingi vinavyomezwa, na mikazo ya utumbo mwembamba hukisukuma chakula mbele ili kisikae mahali pamoja kikachacha.

Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo msingi wa yote yanayofuata. Kuwapo kwa kandida katika utumbo si ugonjwa. Ugonjwa ni kuvunjika kwa ulinzi unaoizuia. Kwa hiyo swali la kwanza la mganga halipaswi kuwa namna ya kuiua hamira. Analopaswa kuuliza ni kitu gani kilichoipa hamira nafasi.

Sababu za kuongezeka

Sababu iliyo ya kawaida ni matumizi ya dawa za antibiotiki. Dawa hizi huua bakteria lakini haziigusi hamira, kwa maana hamira si bakteria. Bakteria wa utumbo wakifa kwa wingi, kandida hubaki bila wapinzani. Anayenunua antibiotiki dukani bila kupimwa, akazimeza kwa mafua ambayo hayatibiki kwa dawa hizo, huwa ameondoa walinzi wake mwenyewe pasipo faida yoyote.

Sababu ya pili ni kudhoofika kwa kinga ya mwili. Virusi vya UKIMWI visipodhibitiwa kwa dawa, kandida huota kinywani kama utando mweupe, na kinga ikizidi kushuka huingia katika umio na kufanya kumeza kuwe na maumivu. Shirika la Afya Duniani limeuhesabu utando wa kinywani usiokoma kuwa dalili ya hatua ya tatu ya maradhi hayo, na kandida ya umio kuwa dalili ya hatua ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho. Matibabu ya saratani na dawa za jamii ya kotisoni nazo hupunguza kinga.

Sababu ya tatu ni kisukari kisichodhibitiwa, ambacho huongeza sukari katika majimaji ya mwili na kupunguza nguvu ya chembe nyeupe. Sababu ya nne ni utumbo kuwa na mwendo hafifu, au matumizi ya muda mrefu ya dawa zinazopunguza asidi ya tumbo.

Wataalamu wa tumbo nao wamethibitisha kwamba hamira huweza kuzidi hata katika utumbo mwembamba wa watu wenye kinga ya kawaida. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalieleza chunguzi mbili za wagonjwa waliokuwa na gesi, kujaa tumbo au kuhara bila sababu kujulikana. Katika uchunguzi mmoja, wagonjwa 24 kati ya 94 walikutwa na ongezeko la kuvu. Katika mwingine walikuwa 38 kati ya 150. Hiyo ni karibu robo ya wagonjwa. Ni idadi inayostahili kuzingatiwa, lakini yaonyesha pia kwamba robo tatu waliobaki walikuwa na sababu nyingine.

Madai ya mwaka 1983 na jaribio la 1990

Wazo kwamba hamira ya utumbo ndiyo mzizi wa maradhi mengi lilienezwa na madaktari wawili wa Marekani, Orian Truss wa Alabama na William Crook wa Tennessee, ambao vitabu vyao vilitoka mwaka 1983. Walishauri mgonjwa aache sukari, mkate wenye hamira, matunda na vyakula vilivyochachushwa, na atumie dawa ya nistatini. Vitabu hivyo vilisomwa na watu wengi mno.

Nistatini yenyewe ina historia ya kuheshimika. Iligunduliwa na wanasayansi wawili wanawake wa idara ya afya ya jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliotangaza ugunduzi wao mwaka 1950. Waliipata kutoka kwa kijidudu kilichotolewa katika udongo wa shamba moja huko Virginia, na jina la dawa limetokana na jina la jimbo lao. Nistatini ikimezwa haiingii katika damu kwa kiasi cha maana, bali hufanya kazi ndani ya njia ya chakula tu. Ni dawa nzuri kwa kandida ya kinywani. Swali lilikuwa kama inaondoa uchovu na maradhi mengine yaliyosingiziwa hamira.

Jibu lilitafutwa kwa utaratibu wa kisayansi. Watafiti wa Alabama waliwachukua wanawake 42 waliodhaniwa kuwa na maradhi hayo, wakawapa kwa zamu nistatini na dawa bandia isiyo na nguvu yoyote, bila mgonjwa wala daktari kujua ni ipi inayotumika wakati gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Nistatini ilishinda katika kuondoa muwasho wa ukeni, jambo lililotarajiwa. Lakini kwa uchovu, huzuni na maumivu ya mwili, haikuwa na tofauti ya maana na ile dawa bandia. Wanawake hao walipata nafuu kwa zote mbili.

Jaribio hilo halikusema kwamba wagonjwa hao walikuwa wakijisingizia. Walikuwa wagonjwa kweli. Lilichoonyesha ni kwamba kuiua hamira hakukuwa dawa ya maradhi yao, na kwa hiyo sababu ilipaswa kutafutwa kwingine.

Chakula kinafanya nini?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa hamira hula sukari, je, si wazi kwamba mtu akiacha sukari hamira itakufa njaa? Hoja hii inavutia, lakini husahau safari ya chakula tumboni. Sukari ya chai, ya soda na ya matunda hufyonzwa na kuingia katika damu katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Kwa mwenye utumbo mzima ni sehemu ndogo tu inayoweza kufika katika utumbo mpana, ambako kandida nyingi huishi.

Watafiti wa Ujerumani walilipima jambo hili katika watu 28 wenye afya waliopewa chakula chenye sukari nyingi iliyosafishwa. Matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba sukari ilikuwa na athari ndogo tu. Hamira ya kinywani haikuongezeka, na ongezeko katika kinyesi lilionekana kwa wale tu ambao tangu mwanzo walikuwa na hamira nyingi kinywani.

Ipo hata hivyo hali moja, nayo ni adimu sana, ambamo chakula huwa na kazi kubwa. Ni ile ya hamira kugeuza wanga kuwa kileo ndani ya utumbo, hata mtu akalewa bila kunywa pombe. Madaktari wa Japani waliandika habari za wagonjwa wa namna hii katika miaka ya 1970. Mwaka 2013 huko Texas ilielezwa habari ya mtu wa miaka 61 ambaye hakuna aliyeamini kwamba hanywi. Alilazwa hospitalini kwa saa 24, mizigo yake ikapekuliwa, akalishwa wanga na kupimwa damu mara kwa mara. Kileo kilipanda hadi miligramu 120 katika mililita 100 za damu, ilhali kiwango cha sheria kwa dereva wa jimbo hilo ni 80. Katika kinyesi chake ilipatikana hamira ya aina ileile inayotumika kuokea mikate. Alitibiwa kwa kupunguza wanga pamoja na dawa za kuua kuvu. Lakini hata kwake, chakula kilikwenda sambamba na dawa na baada ya vipimo.

Basi je, kupunguza sukari ni kazi bure? La. Kwa mgonjwa wa kisukari, kupanga vizuri vyakula vya sukari na wanga husaidia kurudisha ulinzi uliovunjika. Kwa mtu yeyote, kupunguza soda na peremende huhifadhi meno na uzito. Aidha nyuzinyuzi zilizomo katika maharage, kunde, mboga za majani na unga usiokobolewa ndizo chakula cha bakteria wa utumbo mpana, ambao huzigeuza kuwa asidi zenye kuufaa utumbo. Hivyo chakula bora huwasaidia walinzi, ingawa hakimfukuzi mpangaji.

Kuhusu vyakula vilivyochachushwa, katazo la kuviacha vyote halina msingi kwa mwenye afya. Togwa ni mfano mzuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Norway, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, walikuta katika togwa bakteria wa asidi ya maziwa pamoja na hamira za aina mbalimbali, baadhi zikiwa za jamii ya kandida. Hata hivyo togwa imelea vizazi vingi. Tena uchunguzi wa Wilbald Lorri na Ulf Svanberg, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watoto wadogo wa Tanzania waliolishwa uji uliochachushwa kwa asidi ya maziwa walihara mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Uchunguzi huo haukuhusu kandida, lakini unatosha kuonyesha kwamba chachu si adui wa utumbo.

Virutubisho vya nyongeza

Vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya hamira ni vya namna nyingi. Vinavyotajwa mara nyingi ni hivi vifuatavyo.

Asidi ya kaprili na mafuta ya nazi. Asidi hii, ambayo ni mojawapo ya asidi zilizomo katika mafuta ya nazi, huua kandida ndani ya chupa za maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba panya waliolishwa mafuta ya nazi walikuwa na kandida chache zaidi tumboni. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini panya si binadamu, wala mchuzi wa nazi si dawa yenye kipimo.

Vitunguu saumu. Navyo huidhoofisha kandida katika maabara. Katika chakula havina neno. Vidonge vyake vyenye nguvu ni jambo jingine: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba vilipunguza kwa takriban nusu kiasi cha saquinavir, dawa ya virusi vya UKIMWI iliyotumika wakati huo, katika damu ya watu waliojitolea. Kitu cha asili si lazima kiwe kisicho na madhara.

Hamira yenye manufaa. Mfaransa Henri Boulard aligundua katika miaka ya 1920, huko Indochina, hamira iliyopewa jina lake, nayo husaidia kuzuia kuhara kunakoletwa na antibiotiki. Hapa hamira hutumika kuutunza utumbo. Lakini kwa mgonjwa mahututi, au mwenye mpira uliopitishwa katika mshipa mkubwa wa damu, au mwenye kinga dhaifu, hamira hiyohiyo huweza kuingia katika damu na kuhatarisha maisha.

Kutambua ugonjwa

Wauzaji wengine humwambia mtu ateme mate asubuhi katika glasi ya maji. Mate yakining'inia kama nyuzi, basi ana kandida. Kipimo hiki hakina thamani yoyote. Mate huning'inia kwa sababu ya uzito wake na ute uliomo. Wala kuikuta kandida katika kinyesi hakuthibitishi ugonjwa, kwa kuwa watu wengi wenye afya wanayo.

Kandida ya kinywani hutambuliwa na mganga kwa kuutazama utando na, ikibidi, kuukwangua kidogo na kuupima kwa hadubini. Ya umio hutambuliwa kwa kupitisha mpira wenye kioo, au kwa mgonjwa kupata nafuu upesi baada ya kupewa dawa ya flukonazoli. Ya utumbo mwembamba huhitaji kuvuta majimaji ya humo na kuotesha vijidudu vyake. Wataalamu huhesabu chembe 1,000 au zaidi katika mililita moja kuwa ongezeko.

Hatari ya kujitibu kwa kujinyima

Hatari kubwa si kwamba mlo wa kujinyima hautaiondoa hamira. Hatari ni kwamba utaficha muda. Mtu mwenye utando mweupe kinywani, anayekonda na kuhara kwa wiki nyingi, akielezwa kwamba tatizo lake ni hamira na kwamba aache ugali, wali, ndizi, viazi na matunda, huendelea kukonda na kudhani kwamba mlo unafanya kazi. Kumbe huenda ana virusi vya UKIMWI, au kifua kikuu, au kisukari, maradhi ambayo yana vipimo na yana dawa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mtu mzima mwenye virusi vya UKIMWI anayeonyesha dalili huhitaji nguvu ya chakula asilimia 20 hadi 30 zaidi ya kawaida. Kumnyima wanga mtu wa namna hiyo ni kumwongezea udhaifu. Hali kadhalika, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akiacha wanga ghafla bila kubadilishiwa kipimo, sukari ya damu huweza kushuka hata akazimia. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto nao hawafai kuwekwa katika mlo wa kujinyima bila ushauri wa mganga.

Flukonazoli nayo isinunuliwe kiholela. Huweza kuongeza nguvu za dawa nyingine, zikiwemo baadhi za kisukari na za kuzuia damu kuganda, na haifai kutumiwa na mjamzito pasipo amri ya daktari. Tena kuvu, kama bakteria, hujenga usugu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka Candida albicans katika kundi la kwanza la kuvu zinazohitaji kushughulikiwa kwa haraka.

Utaratibu unaofaa

Kwa muhtasari, anayehisi kwamba hamira imemzidi afuate utaratibu huu:

1. Aende hospitali au kituo cha afya apimwe, vikiwemo vipimo vya sukari na virusi vya UKIMWI, hasa akiwa na utando kinywani, maumivu ya kumeza, homa, kukonda au damu katika choo.

2. Amweleze mganga dawa zote anazotumia, pamoja na vidonge vya nyongeza na mitishamba, na asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.

3. Akithibitika kuwa na kandida, atumie dawa aliyoandikiwa mpaka imalizike, huku chanzo kikitibiwa.

4. Ale chakula mchanganyiko chenye kunde, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Apunguze soda na vitu vya sukari. Na asiogope togwa au mtindi ikiwa hana maradhi makubwa.

5. Asitumie antibiotiki ila kwa maagizo, kwani kuwahifadhi bakteria wa utumbo ni rahisi kuliko kuwarudisha.

Hamira itaendelea kuishi katika utumbo wa binadamu, maana huko ni kwake. Kazi ya chakula ni kuutunza mwili ili uweze kuizuia, na kazi ya mganga ni kutafuta pale ulinzi ulipovunjika. Mlo wowote unaomchelewesha mgonjwa kufika kwa mganga umekwisha kuwa sehemu ya ugonjwa.